Jike Tuliloling'oa Mlimani

Siku ya kwanza kazini, mkuu wa kituo chetu cha mimea hapa Uvira, tuliyemwita Shefu, alinikabidhi magazeti ya zamani na mbao mbili zenye kamba. Nilidhani ananitania. Kumbe hiyo ndiyo presi: unalaza jani kati ya magazeti, unakaza kamba, unabadilisha karatasi mpaka likauke. Nyinyi mnaopiga picha kwa simu hamjui jasho hilo. Mimi nimelizeekea.

Kuna jani gumu lenye miiba lililoletwa kutoka mlima ulio juu ya ziwa. Likaandikwa mchikichi, likakaa kabatini miaka na miaka. Si mchikichi. Ni sikadi, mmea wa kale usiotoa maua bali koni nene kama nanasi, na dume ni mti wake, jike mti wake. Kujua ni aina gani, jani halitoshi. Wataalamu wa kupanga aina walidai koni ya jike, nasi kila tukipanda mlimani tulikuta madume tu.

Mwishowe tukalipata jike moja, limeshika mwamba. Nikamwomba Shefu tukate koni, mti tuuache.

“Muing'oe yote,” alisema. “Tutaipanda hapa ku biro, wageni waione.”

“Shefu, ya kike iko hii moja tu. Zile za kiume zitabakia na nani?”

“Weye mama, kazi yako ni kukausha.”

Wakaliteremsha kwa machela kama mgonjwa. Koni haikuingia kwenye presi, nikaikata vipande nikaikausha. Wataalamu wakathibitisha: aina mpya kabisa. Ikapewa jina, tukanywa soda. Jike lenyewe likapandwa mbele ya biro, yaani ofisi yetu, likamwagiliwa kila asubuhi mpaka shina likaoza.

Wananiambia yaliyopita si ndwele. Kwangu ni ndwele. Tumetafuta mpaka milima ya juu ya Katogota, hatujaona jike jingine.

Nilipostaafu, Shefu alisimama akasema kwa mikono yangu mmea wetu unajulikana duniani. Wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Majuzi nilichukua pikipiki hadi njia inapoishia, nikamalizia kwa miguu mpaka kwenye mlima ule wa sikadi. Madume yalikuwa yametoa koni. Upepo ulipovuma, chavua ilitoka, unga wa njano, ikaangukia mawe. Nilikuwa na lile jina refu la Kilatini mdomoni. Niliona haya kulitamka mbele yao.