Baba na Mwimo wa Mlango

Baba alipopata kiharusi, niliomba ruhusa kazini Jinja nikarudi nyumbani kwetu Namakwekwe, Mbale, nimsaidie mama kumwuguza. Baba alikuwa askari jela mstaafu, mtu wa kukaa wima hata akinywa chai. Sasa tukimketisha kitandani, aliinamia upande wa kushoto uliopooza. Nikimnyoosha, alinisukuma kwa mkono wake mzima akipiga kelele, "Unaniangusha!"

"Akili zimemruka, mwanangu," mama aliniambia jikoni. Nami niliogopa hivyo hivyo.

Tulipomrudisha hospitali, mtaalamu mmoja wa mazoezi ya viungo, mwanamke, alitueleza kwamba akili zake zilikuwa salama. Kiharusi kilikuwa kimevuruga hisi inayomwambia mtu kwamba mwili wake umenyooka. Akiwa amepinda, baba alijihisi yuko wima. Tukimnyoosha, alihisi anaanguka kweli.

"Msimvute," mtaalamu huyo alisema. "Mwacheni atumie macho."

Akamketisha mbele ya mlango, akamwonyesha ubao wa pembeni wa fremu yake. "Afande, tazama huo mwimo wa mlango. Kati yako na huo, nani amepinda?"

Baba alitazama kwa muda mrefu. "Kumbe ni mimi," alisema kwa mshangao.

Akaanza kujirudisha mwenyewe, polepole, mpaka akakaa sawa. Hakudumu hivyo, baada ya muda mfupi aliinama tena, lakini safari hii alicheka.

Jioni hiyo mama alipika malewa, yale machipukizi ya mianzi ya kwetu, kwa karanga, na kwa mara ya kwanza tangu baba augue, sote tulikula tukashiba.