Sheria ya Boriti

Mkaguzi wa mizani hana marafiki sokoni, na Gramu hakuwahi kulalamika kwa hilo. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiingia dukani na sanduku lake la mawe ya chuma, anasalimia vizuri, anaweka jiwe la kilo moja juu ya mizani ya mtu, kisha ananyamaza. Ukimya huo uliwatoa jasho watu wazima wenye wajukuu. Jina la Gramu alipewa na muuza nyama mmoja ambaye mizani yake ilikuwa imezidi kwa gramu nane tu, na bado ikafungwa lakiri. Muuza nyama alidhani anamtukana. Mwenyewe alilipenda, akalibeba mpaka nyumbani.

Badminton aliianza ukubwani, kwa amri ya daktari. Mumewe, fundi wa meno ya bandia, mtu wa maneno machache, alinunua raketi mbili na boksi la vinyoya, wakawa wanapigiana uani jioni. Majirani walidhani wamegombana. Gramu hajui kufanya jambo nusu nusu. Alitafuta kitabu cha sheria za mchezo, akakisoma toka jalada hadi jalada, na mwaka ulipoisha alikuwa na klabu. Watoto kumi na mmoja, watu wazima saba, Jumanne na Alhamisi, kwenye ukumbi wa mtaa wenye nafasi ya uwanja mmoja tu.

Kwa kuwa uwanja ulikuwa mmoja, wakubwa na wadogo walicheza pamoja. Mama wa duka la dawa alifungwa Jumanne na mtoto wa miaka kumi, na Jumatano akamuuzia mama wa mtoto huyo dawa ya kikohozi bila kinyongo. Binti wa huyo mama wa duka la dawa, wa miaka kumi na mitatu, ndiye aliyekuwa tegemeo la klabu. Walimwita Sindano, kwa sababu ya duka na kwa sababu ya mapigo yake, ambayo yalifika kabla hujajiandaa.

Ukumbi ulikuwa na kasoro moja. Boriti ya chuma ilipita juu ya wavu, mita tatu na nusu kutoka sakafuni. Gramu aliipima mara mbili. Kitabu kiliruhusu kila mahali kuweka sheria yake kuhusu vizuizi vya juu, kwa hiyo akaweka: kinyoya kikigusa boriti, pointi inarudiwa. Wiki ya kwanza tu zikaanza kelele. Huyu anasema kimegusa, yule anasema kimepita juu bila kugusa, fundi umeme anaapa kwa marehemu baba yake. Gramu amekula mshahara miaka yote hiyo kwa kutoamini neno "nadhani". Akarekebisha sheria: kinyoya kikipanda juu ya boriti, kiguse kisiguse, kimekufa. Simama, kiokote, mrudishie mwenzako, sema "rudia". Kelele zikaisha siku hiyo hiyo, na hazikurudi kwa miaka minne. Alijivunia sheria hiyo kuliko kitu chochote alichowahi kutunga, ukiacha watoto wake, na hao wawili aliwafikiria kidogo kwanza.

Kisha akatokea muuza samani aliyetaka kuugeuza ukumbi kuwa ghala la makochi. Katibu wa bodi ya ukumbi, mzee mpole aliyeuita mchezo wenyewe "ile ya manyoya", alimwita Gramu na kumweleza bila kuzunguka. Mashindano ya wilaya yalikuwa yanakuja. Klabu ikishinda mechi moja, iwe ya mtoto au ya mtu mzima, wataendelea na siku zao. Wasiposhinda hata moja, makochi yataingia. Gramu aliona ni haki. Klabu yake haikuwa imewahi kutoka nje ya ukumbi ule, lakini mechi moja katika tisa, kwa hesabu yake, haikuwa ombi kubwa.

Ukumbi wa mashindano ulikuwa na paa la juu sana. Njiwa waliokaa kule walionekana kama nzi. Katibu alikuja, akapewa kiti cha mbele na soda. Sindano alifungua dimba. Mpinzani wake alianzisha kwa pigo la juu, kinyoya kikapaa kuelekea kwa njiwa. Sindano akateremsha mkono, akakiacha kianguke, akakiokota, akampelekea mwenzake wavuni kwa heshima zote.

"Rudia," alimwambia.

Mwamuzi akatoa pointi kwa mpinzani. Safari ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Kinyoya kilipokuwa chini, hakuna aliyemuweza Sindano. Mapigo yake yalipita usawa wa pua, yule binti mwingine akaishia kupepesa macho. Lakini yule binti hakuwa mjinga. Kufika pointi ya tano alikuwa ameshajua dawa, akawa anarusha juu kila anachopata. Kwenye mapumziko Gramu alimsogelea Sindano, akamwambia hapa hakuna boriti, kipige. Sindano akaitikia kwa kichwa. Akarudi, kinyoya kikapanda, akasimama. Akafungwa ishirini na moja kwa tano.

Kati ya seti mbili Gramu alipoteza uvumilivu.

"Unanisikia kweli," alimwuliza, "au unanitazama tu?"

Binti akachukua raketi yake, akarudi uwanjani. Seti ya pili alipata nne.

Wahenga wanasema samaki mkunje angali mbichi. Gramu alikuwa amewakunja vizuri kabisa. Shida ilikuwa upande aliowakunjia. Watoto wengine walisimama kama Sindano. Mama wa duka la dawa alisimama. Fundi umeme alisimama, kisha akabishana na mwamuzi, kisha akasimama tena. Katibu alikuwa akitazama kwa makini kama mtu aliye kwenye ibada ya dini nyingine. Saa tisa alasiri zilikuwa zimechezwa mechi nane, na zote nane zimeliwa.

Ikabaki moja: wawili wawili mchanganyiko, wenye miaka hamsini na kuendelea. Gramu na mumewe. Seti ya kwanza ikaenda. Kabla ya ya pili fundi meno alisema sentensi yake ya siku: tusiwape nafasi ya kurusha. Wakapiga chini, kwa kasi, vifuani na viunoni, mpaka wale wapinzani, mhasibu mstaafu na dada yake, wakawa wanajikinga zaidi ya kucheza. Seti ya pili ikawa yao. Ya tatu ikapanda pointi kwa pointi, watoto wakijipanga ukingoni kimya, mpaka ishirini kwa kumi na tisa. Pointi moja tu na ukumbi ni wao.

Mhasibu, akiwa anaanguka, alikichota kinyoya kutoka sakafuni. Kikapanda juu mno, kikageuka, kikaanza kushuka taratibu upande wa Gramu. Alikuwa na muda wa kunywa chai. Alikiona vizuri, alijua ni chake, alijua hapa hakuna boriti kwa sababu alikuwa amelisema hilo mara nane tangu asubuhi. Mkono wake ukateremka. Neno "rudia" lilimtoka nusu. Kinyoya kikatua hatua moja mbele ya kiatu chake, ndani.

Mumewe hakumlaumu. Alikiri kwamba na yeye alikuwa amesimama. Wakapoteza mbili zilizofuata.

Katibu aliomba ufunguo wa ukumbi kwa upole uleule. Gramu akautoa kwenye pete ya funguo zake, akamkabidhi. Mzee alifikiri kidogo, akatafuta la kusema, akasema kwamba katika klabu zote alizoziona siku ile, wao ndio waliorudisha kinyoya kwa adabu zaidi. Hakuwa anatania.

Sindano alikuwa ameketi kwenye ngazi za nje, macho mekundu, kamba za viatu zimefunguliwa. Mama yake alipomwona Gramu anakuja, akainuka, akawapisha. Gramu akaketi. Aibu ilikuwa imemjaa, na hakuwa na uzoefu nayo; kazini kwake huwa anawapa wengine.

"Yule binti hakukushinda," alisema. "Umeshindwa na mimi. Miaka minne nimekufundisha kusimama, na umesimama vizuri."

Sindano akajifuta pua.

"Uliniuliza kama nakusikia."

"Niliuliza."

"Nilikuwa nakusikia, Shangazi."

"Sasa najua. Na mimi nilikuwa najisikia, nikasimama vilevile. Nisamehe, mwanangu."

Mle ndani watu walikuwa wanashangilia mechi ya watu wengine. Sindano akainama, akaanza kufunga kamba za viatu, kimoja, kisha kingine.

"Jumanne tuje saa ngapi?"

"Ukumbi hatuna tena. Ufunguo nimesharudisha."

"Nimeuliza saa."

"Saa kumi na moja," Gramu alisema.

"Haya. Nitawaambia wenzangu."