Fimbo ya Mama mu Mayi ya Kamimbi

Siye bale tulizaliwa na kukomea ku Kamimbi, hapakuwa mutu wa kutuamsha asubuyi. Harufu ya mihogo ya kuloweka mu mayi njo ilikuwa inatuamsha. Mugeni akipita alikuwa anashika pua, anauliza ni kitu gani imekufa huku. Siye tulikuwa tunamucheka, sababu ile harufu ilikuwa inatuambia leo bukari, ugali ya mihogo, iko.

Kamimbi ni muto mudogo, inaenda kumwanga mayi yake mu Lualaba, na kijiji yetu ilibeba jina yake. Ukiacha nyumba ya mwisho ya muji wa Kolwezi, unateremuka na njia ya vumbi nyekundu, unafika. Hatukuwa batu ya muji, hatukuwa batu ya pori. Batata balikuwa banapanda na baiskeli asubuyi kuenda kazi, mangaribi banarudia kushika jembe. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Tata Kasongo, ule wa muguu mubaya. Ya pili ya Mama Feza. Kisha ya Tata Ramazani, mwislamu wa kutoka Maniema, alikuwa anauzisha chumvi na bitambaa, na siku ya Idi bibi yake alikuwa anapikia batoto ya kijiji muzima muchele, bakatoliki na baprotestanti pamoja. Naweza kukutajia nyumba zote mupaka ya mwisho, sikosi hata moja. Masomo yangu iliisha mwaka wa pili. Mwalimu alisema kichwa ya Ngoie inakataa kuandika, inashika tu majina ya batu. Ngoie njo mi.

Muto ilikuwa na sheria yake. Kule juu, kwenye mawe, ni mayi ya kunywa. Kule chini, kwenye kuvukia, ni ya kusukula nguo, na ya siye batoto kuruka-ruka uchi na kuteleza mu matope mupaka matako inakuwa nyekundu. Katikati ni ya mihogo. Pale bamama balikuwa na biziba, ni mashimo ya mayi ya kutulia, kando ya muto, na kila kiziba ilikuwa na mwenyewe. Mama anaachia binti yake. Unaweka mihogo mu mayi siku tatu, ine, ao tano, mupaka inalegea na uchungu inatoka. Kisha unaanika juu ya mawe, unatwanga. Kila mama alikuwa anasimamisha fimbo mu kiziba yake, na alama amekata na kisu. Fimbo ya mama yangu ilikuwa na mukato moja. Ya Mama Munyemba, jirani yetu, mikato tatu. Hakuna mutu alikuwa anagusa fimbo ya mwenzake. Na ukionekana pale na sabuni, mama yangu alikuwa anakutolea sauti ya kusikika mupaka Kolwezi: "We! Unataka tukule povu?"

Munyemba, binti ya ule jirani, alikuwa rafiki yangu. Kiziba ya kwabo ilikuwa muzuri kupita zote. Chini ni mawe laini, jua inapiga muchana muzima, mihogo inalegea siku tatu. Ya kwetu ilikuwa mu matete, kwa kivuli, mayi ya baridi. Siku tano, siku sita, na bado katikati ni ngumu. Ile mwaka mama alizaa mapacha, Kyungu na Kabange, na tata alikuwa ameisha kufa. Tulikuwa batoto saba.

Njo mvua ilikuja, haikuacha siku mbili. Ilipoacha, muto ilikuwa imebeba fimbo zote. Biziba ingine ilijaa muchanga, ingine ilifunguka mupya, kando ya muto ilisogea. Bamama balisimama pale, huyu anasema ni yangu, huyu anasema we muongo. Mama Feza alikuwa ameisha kufungua kitambaa ya kichwa, tayari kupigana. Tata Kasongo njo alisema: "Muache kelele. Muite Ngoie. Ule mutoto anajua mupaka majina ya bambuzi."

Nilikuwa na myaka kama tisa. Balinileta, nikaonyesha moja moja: hii ya Mama Feza, hii ya bibi ya Tata Ramazani. Batu banaitika. Nilipofika kwa ile ya mawe laini, niliona mama yangu amesimama na pacha moja mu mugongo, mwingine mu mukono, macho imeingia ndani. Nikasema: "Hii ni ya siye. Ya Mama Munyemba ni ile ya mu matete."

Nilijua ni uongo. Mama Munyemba aliniangalia kwa murefu. Akasema: "Kama Ngoie amesema, basi ni vile." Akabeba kitunga yake ya mihogo, akaenda mu matete. Mangaribi mama yangu alikata fimbo mupya, mukato moja, akaisimamisha pale nilisema.

Kutoka ile siku, bukari yetu ilikuwa laini. Ya kwa Munyemba ilikuwa na mabonge. Batoto balikuwa banamuimbia njiani: "Bukari ya mawe! Munyemba, umebakia na meno ngapi?" Na mi nilicheka pamoja nabo. Yeye pia alikuwa anacheka, mukono mbele ya kinywa.

Mama aliniachia ile kiziba. Nililishia pale batoto yangu sita na bajikulu. Munyemba aliolewa, akaenda kuikala Kapata, upande ingine ya Kolwezi. Kila mara nikichovya mukono mu ile mayi, nilikuwa nasema mu roho: siku moja nitamwambia. Myaka ikapita.

Siku hizi mayi ya Kamimbi iko rangi ya chai ya maziwa, sababu kule juu banasukula mawe ya madini. Ukiweka mihogo inatoka nyeusi. Mujikulu wangu Mado ananiita Kambo, ni kusema nyanya, ananiambia: "Kambo, unga banauzisha ku magazini, mu mufuko, haina hata harufu." Njo ile ninamuelezea, harufu haiko! Hanisikie, eko anaangalia telefone. Batoto ya leo banajua bachezaji ya mupira ya Ulaya mupaka bibi zabo, lakini muulize jina ya mama wa nyumba ya pili, anakuangalia tu.

Kisha batu ya makaratasi ya kampuni ya madini balikuja. Balisema muto itageuzwa, siye tutahamishwa. Kijana moja, wa heshima, aliandika nyumba yangu, akaandika miti yangu ya avoka, akaandika makaburi ya badogo zangu mapacha, Kyungu na Kabange. Akauliza: "Kambo, kuko kitu ingine?"

"Kuko kiziba."

Alitafuta mu karatasi yake, juu na chini. "Kambo, munisamehe. Hapa hakuna fasi ya kuandika kiziba."

Nilienda kungoa fimbo mu matope. Niliikata mwenyewe zamani, na alama ya mama. Kesho yake nilipanda pikipiki mupaka Kapata, fimbo mu mapaja kama mutoto.

Munyemba alikuwa anaikala mbele ya nyumba ya mutoto wake, macho imepunguka. "Ni Yaya Ngoie, dada yangu? Na ile fimbo ni ya kunipiga?"

Nilimwambia yote: mvua, kiziba, uongo yangu.

"Kiziba gani, Yaya?"

"Ile ya mawe laini. Ya mama yako."

"Mi sikumbuke kiziba." Akacheka, mukono mbele ya kinywa, vilevile. "Nakumbuka tu bukari. Mama yako alikuwa ananiita nyuma ya jiko, ananipa yangu mu sahani ya bati, ya moto. Kila siku. Alikuwa anasema: kula mbio, na usimwambie Ngoie."

Mi mwenye ninajua kila nyumba na kila mbuzi, ile sahani sikuiona hata siku moja. Mama alijua uongo yangu, kumbe. Na hayuko tena nimuulize.

Zamani ukisimamisha fimbo mu mayi, kijiji muzima inajua ni yako, na ukikosa mayi, kuko mutu nyuma ya jiko anakuita. Huko tunapelekwa, banasema robine, bomba ya mayi, itakuwa ndani ya nyumba, kila mutu na yake. Ni muzuri. Mi nimechoka tu.

Nilipoaga, Munyemba aliniomba ile fimbo ya kuinulia kamba yake ya nguo, ilikuwa inalala chini. Nilimwachia. Nilipogeuka pa njia niliiona imesimama mu vumbi, mukato moja, nguo ya bajikulu yake inakauka juu.