Saa Kumi Kwenye Dungu

Katekista wetu hakuwahi kupanda kwenye dungu. Naanza na hilo kwa sababu miaka yote hii watu wananiuliza kwa nini nilimchukia, nami nimechoka kueleza. Dungu ni jukwaa la fito linalosimamishwa katikati ya shamba la mpunga. Mtu anakaa pale tangu jua linapochomoza mpaka linapozama, akiwafukuza kweleakwelea. Una kamba zilizofungwa makopo pande zote za shamba, una kombeo na vidonge vya udongo, na una koo lako. Ukinyamaza, wanashuka. Anayelijua hilo hahitaji kufundishwa, na asiyelijua angekaa mbali na mashamba ya watu.

Mimi nilikuwa mgeni Mpimbwe. Kwetu tulikuwa watu wa ng'ombe, tuliohama na mifugo kutoka Usukuma, na sikuwa nimebatizwa. Mume wangu alikuwa mtoto wa Wakatoliki, wakulima wa mpunga tangu babu zao. Alinioa katikati ya miaka ya sabini, watu walipokuwa wamekusanywa vijijini na mashamba yamegusana tuta kwa tuta, kisha akaenda Mpanda kutafuta kibarua akaniacha kwa mama yake. Mama mkwe hakunitukana hata siku moja. Aliniambia tu, karibu kila nilipoweka chakula chini, kwamba ndoa isiyobarikiwa si ndoa. Ili ibarikiwe ilibidi nibatizwe, na aliyepeleka majina ya wabatizwa kwa padri alikuwa katekista. Niliutaka ubatizo ule kuliko kitu chochote, kwa maana nilikuwa nimechoka kuishi kwenye nyumba ile kama kitu cha kuazima. Hivyo ndivyo nilivyoingia mikononi mwa mtu yule.

Mwezi wa Mei ulipoanza alirudi kutoka mafungo ya Karema na jambo jipya. Alisema amefundishwa kumtafuta Mungu katika ukimya, humo humo ndani ya kazi za kila siku. Ni jambo zuri, wala sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni saa aliyoichagua. Kwa mwezi wote wa Maria, akatangaza, rimu ya gari iliyoning'inizwa nje ya kigango, kanisa letu dogo, ingegongwa saa kumi jioni, na kila Mkristo na kila anayeutaka Ukristo angekaa kimya hapo alipo mpaka igongwe tena saa kumi na moja. Anayetwanga aweke mchi chini. Aliye kwenye dungu aachie kamba.

Saa kumi jioni ndipo kweleakwelea wanaporudi kula kabla ya kwenda kulala. Hata watoto wa kijiji kile walilijua hilo. Lakini hakuna mtu mzima aliyefungua mdomo, maana katekista ndiye aliyekuwa amesoma, na sisi wa darasa la ubatizo tulikuwa na majina yetu ya kuyaonea huruma.

Siku ya kwanza nilitii. Nilifumba macho nikasikiliza kama tulivyoelekezwa, na nilichosikia si Mungu. Nilisikia mabawa, kisha midomo mingi midogo ikipukutisha punje, kama mvua inayoanza kwenye majani makavu. Nilivumilia nikiwa nimeuma upindo wa kanga. Jioni nilizunguka upande wa mtoni nikakuta masuke yamesimama wima, mepesi, hayana kitu. Mama mkwe aliyashika, akayapuliza, akasema tumwachie Mungu. Niliyoyawaza siwezi kuyaandika.

Na ndege si wajinga. Haikuchukua muda wakaijua ile rimu. Ikigongwa tu, wanainuka kwenye matete kama wageni walioitwa mezani, na bonde zima limetulia kuwapokea. Kufikia hapo mimi nilikuwa nimeshaacha kutii. Nilipiga zile kelele za kwetu za kuswagia ng'ombe, ambazo zinafika mbali. Katekista akaja chini ya dungu langu bila hata salamu, akaniambia nikirudia jina langu haliendi kwa padri Pentekoste ile. Nikamuuliza mpunga ukiisha tutakula nini. Akasema shida yangu ni kuwaza tumbo, kisha akarudi kigangoni kusali kivulini.

Shamba lake lilipakana na letu. Aliyekaa kwenye dungu lake alikuwa mke wake, mama mpole ambaye hata akisalimia ilibidi umsogelee ndipo umsikie. Saa kumi ikifika aliweka mikono mapajani, macho wazi, akatazama chakula cha wanawe kikiliwa. Mpunga wake uliliwa kuliko wa mtu yeyote, kwa sababu ndege niliowafukuza mimi walihamia kwake. Sikumhurumia. Nilimwona mjinga, nikamchukia na yeye.

Pentekoste ilipokaribia, mama mkwe alinisihi ninyamaze hizo siku zilizobaki, ubatizo upite salama. Nikakubali. Nilipanda dungu siku hiyo nikiwa nimekusudia kutii. Rimu ikagongwa, ndege wakainuka. Nikaachia kamba, nikaishika tena. Hasira yangu ilianza kwa katekista, ikaenda kwa mama mkwe, ikaenda kwa mume wangu aliyekaa zake mjini, na ilipokosa mtu mwingine ikamgeukia Mungu mwenyewe. Sikuwahi kuzungumza naye zaidi ya kukariri sala. Nikamsemesha kwa Kisukuma, kama unavyomsemesha mtu aliyekaa tu wakati wenzake wanabeba mizigo.

"Kama upo hapa, usikae tu. Piga kelele na wewe."

Nikavuta kamba, makopo yakalia, nikapaza sauti. Ikakatika. Koo lilikuwa limekauka kabisa, nikabaki mdomo wazi.

Ndipo sauti ikatoka upande wa pili wa tuta. Mke wa katekista alikuwa amesimama juu ya dungu lake, kanga imemwanguka begani, anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo imemtoka. Kweleakwelea wa shamba lake waliinuka wote wakapita juu ya kichwa changu. Nikajua, na siwezi kueleza zaidi ya hivi, kwamba nimejibiwa, na kwamba aliyenijibu alikuwa amekaa nami kwenye fito zile tangu mwanzo wa msimu. Sikufurahi. Nilimlaumu kwa kuchelewa.

Madungu mengine yakaanza kuitikia. Katekista alikuja mbio, akasimama kwenye tuta katikati ya mashamba yetu, akamuuliza mkewe ni nani amemruhusu. Mama yule hakushuka.

"Ulituambia tunyamaze ili tumsikie," akasema. "Nimenyamaza tangu mwezi uanze, baba watoto. Leo nimemsikia. Kasema nipige kelele."

Katekista akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi sikuwa mke wake, akaniambia nisikanyage tena darasani. Pentekoste wenzangu walivaa nguo nyeupe, mimi nikakaa dunguni nikilia kwa hasira huku nikivuta kamba. Rimu haikugongwa tena saa kumi. Hakuna aliyetangaza kwamba jambo lile limekwisha, liliachwa tu. Msimu ule nyumba ya katekista ilikula mpunga wetu, na mama mkwe ndiye aliyewapelekea.

Nilibatizwa alipokuja padri mwingine. Katekista alishika bakuli la maji huku amekunja uso. Padri alipouliza nani ananisimamia, mkewe alitoka upande wa wanawake, akapita mbele ya mumewe bila kumtazama, akaniwekea mkono begani. Huyo nilimpenda mpaka alipofariki. Mumewe sijamsamehe hadi leo. Nimeshamwambia Mungu hivyo mara nyingi, nikiwa jikoni, nikiwa kisimani, nikipalilia, na bado hajaondoka.