Godoro la Bibi

Leo dukani, nilipojilaza kwenye godoro la makumbi ya nazi ambalo daktari alisema litaufaa mgongo wangu, harufu yake kavu ilinirudisha kwenye nyumba yetu mpya ya kijiji cha ujamaa. Bibi, ambaye mgongo ulimtesa miaka mingi, alikuwa amefia njiani tulipokuwa tukihamishwa. Mama alilijaza godoro lake nyasi mpya ili nililalie mimi. Jioni, kabla sijapanda kitandani, tulikuta katikati pamebonyea, umbo la mtu aliyelala ubavu. Mama akalikung'uta likajaa, lakini usiku ule nikalala mkekani. Asubuhi palikuwa pamebonyea tena.

"Mama, nani amelala hapa?"

Aliweka kiganja pale, akakiondoa haraka.

"Wewe utalala na mimi," alisema. "Mwache Bibi apumzishe mgongo. Safari ilimchosha."

Alipotoka, nami nikapagusa. Palikuwa na joto.