Kengele ya Ligi ya Midahalo

Kiti cha uenyekiti wa ligi yetu ya midahalo ya sekondari, toka Bagamoyo hadi Chalinze, kimekaliwa na watu watatu. Wa kwanza mwalimu wa misheni, aliyeianzisha. Wa pili mwenye duka la vitambaa, Mwarabu wa hapahapa mjini, aliyewapikia watoto pilau ya fainali kila mwaka. Wa tatu mimi, niliyeishia darasa la saba, na leo malori yangu yanabeba kokoto za Lugoba. Najisifu? Najisifu. Walionicheka nikisukuma mkokoteni wapo hai, wasome.

Ligi ina desturi ya yule mwalimu. Anayetaka uenyekiti husimama mbele ya wanafunzi, aseme, aulizwe, nao ndio hupiga kura. Kengele ya muda ikilia umekwisha, kama mwanafunzi yeyote.

Mwenye duka alipochoka akaachia kiti, tukasimama wawili: mimi na mkuu wa shule mstaafu, msomi wa tai na shahada. Kiti nilikitaka kwelikweli. Nyumba nimejenga, malori nimenunua, lakini shuleni sikuwahi kusimama nikasikilizwa.

Akaanza mstaafu. Alisema vizuri, simnyimi haki yake. Kengele ikalia.

"Namalizia," akasema, akaendelea. Ikalia tena. "Sentensi ya mwisho, wanangu."

Sentensi hiyo ilikuwa na watoto na wajukuu.

Nikapanda mimi. Akasimama binti mmoja wa Lugoba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Sekondari hukusoma. Utatuongozaje?"

"Kuku naye hakusoma, na mayai yake unakula."

"Basi wewe tutakuomba mayai, mzee. Uenyekiti tumpe mwingine."

Ukumbi ukalipuka, madawati yakagongwa. Nilicheka na mimi, maana alinipata. Kisha nikawaeleza nilikotoka: sokoni, ambako tajiri alikuelekeza kazi mara moja tu asubuhi, ukikosea jioni huna kazi. Nilipofika penyewe, patamu, nikasema, "Na ndiyo maana mimi..."

Kengele.

Sasa, mimi hanikatizi mtu maneno. Madereva wanajua, mke wangu anajua. Mdomo ulikuwa wazi. Nikaufunga, nikaketi.

Wa kwanza kupiga makofi alikuwa yule binti, kisha ukumbi mzima. Kura zilipotangazwa, kiti kikawa changu. Nje binti akanifuata.

"Mzee, hatukukuchagua kwa ajili ya kuku. Ni vile ulivyoketi kengele ilipolia."

"Sawa, na mayai mtakula," nikamjibu. Fainali iliyofuata walikula, na pilau juu yake.

Tangu hapo kila fainali naifungua mimi, na kengele hunililia kama inavyowalilia wao. Ila ile sentensi imenikaa kooni miaka yote. Hapa hakuna mshika kengele, basi niimalizie: na ndiyo maana mimi jambo siambiwi mara mbili.