Mstari wa Arobaini na Mbili

Mama Bawaba hakuwahi kununua mlango bila kuugonga. Hata muuzaji aje na mlango uliopakwa rangi mpaka unang'aa, yeye aliinama, akaugonga kwa kifundo cha kidole kule chini karibu na kizingiti, akasikiliza, kisha akasema, "Huu umeliwa na mchwa, baba. Rudi nao." Ndivyo alivyojijenga. Alianza na bawaba tatu zenye kutu alizookota kwenye kifusi. Miaka thelathini baadaye alikuwa na yadi nzima ya milango, madirisha na fremu za nyumba zilizobomolewa, na ulimi ambao hata madereva wa malori waliomba kwanza chai ndipo wathubutu kubishana nao bei.

Kila kitu kwenye yadi ile alijua kilikotoka. Kasoro jina lake la ukoo.

Watu wa jina lile walikuwa wamejaa mji mzima. Lakini baba yake, fundi saa mstaafu aliyeishi chumba cha nyuma ya yadi, hakujua anaungana nao wapi. Baba mzazi wa mzee huyu alikufa yeye akiwa mdogo, na hakuacha hadithi yoyote. Kwenye misiba ya ukoo mzee alikaa mwisho wa benchi. Watu walimwamkia kwa heshima, kisha akiwapa kisogo wakaulizana, "Hivi huyu kwetu ni wa nani?" Na mtu anayeweza kusikia saa inayochelewa iliyo chumba cha pili, hilo nalo alilisikia.

Sasa ukoo ulikuwa unaandika kitabu chake. Katibu wa ukoo, mwalimu mstaafu mwenye kalamu tatu mfukoni na moja tu yenye wino, alikuwa amezunguka mwaka mzima na kinasa sauti akiwarekodi wazee. Kanuni aliitunga mwenyewe: tawi lilete karatasi, au mzee wa tawi lingine alishuhudie. Jumatatu asubuhi alipiga simu.

"Mama Bawaba, tawi lenu linaning'inia hewani. Jumamosi majina yanasomwa ukumbini. Asiyesomwa Jumamosi hayumo kitabuni."

Mzee alikuwa amesikia kila neno. Hakuinua uso kwenye saa aliyokuwa akiifungua.

"Nina miaka sabini na minne," alisema, "na sijawahi kuwa na mtu wa kumwita shangazi. Sitaki makubwa. Nilisikie tu jina la baba yangu likisomwa mbele za watu, basi."

Mama Bawaba akavaa viatu.

Mzee alikumbuka jambo moja tu: baba yake aliwahi kufanya kazi kiwanda cha matofali. Kiwanda kilikwisha kufa zamani, na madaftari yake yakahamishiwa chumba cha nyaraka, orofa ya chini ya jengo la serikali, mahali penye harufu ya karatasi kuukuu na dawa ya mende. Mtunza nyaraka alikuwa mwanamume mwembamba aliyepiga chafya kila akifungua boksi, na aliyeongea kama mtu anayeogopa kuamsha makaratasi.

"Maboksi matatu kwa siku, mama. Ndiyo sheria."

"Ya kiwanda yako mangapi?"

"Hamsini na moja."

Mama Bawaba akapiga hesabu, akaona Jumamosi inampita. Mkono wake ukaanza kufungua mkoba.

"Hapa hapauzwi kitu," yule bwana akawahi.

"Nani ananunua? Mlango wako unalia." Akatoa bisibisi. "Bawaba ya juu imelegea, unakwaruza sakafu. Umeuvumilia muda gani?"

"Miaka sita," mtunza nyaraka akakiri, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa na daktari.

Dakika ishirini baadaye mlango ulifunga kwa kidole kimoja. Bwana yule akaufungua, akaufunga, akaufungua tena. Sheria hakuivunja. Ila alikumbuka ghafla kwamba sheria ilihusu maboksi anayofungua mgeni, na haikusema neno kuhusu yale anayoyafungua yeye mwenyewe. Siku tatu walikaa meza moja, yeye akipiga chafya, Mama Bawaba akimwambia "pole", mpaka Alhamisi kidole cha bwana yule kikasimama kwenye daftari lenye jalada la kijani.

"Huyu hapa babu yako. Mstari wa arobaini na mbili."

Mama Bawaba alisoma. Jina la babu, na jina la ukoo vilevile. Sehemu ya baba, tupu. Sehemu ya kijiji, tupu. Sehemu ya mdhamini, jina la mtu wa mstari wa arobaini na moja, mwenye jina lilelile la ukoo.

"Ndugu yake?"

Mtunza nyaraka akavua miwani. "Kiwanda hakikumwandika mtu asiye na mdhamini. Na karani wa daftari hili alikuwa na tabia yake: mgeni asipokuwa na ndugu, alimwandika jina la ukoo la mdhamini, apate kuendelea na foleni. Nimewaona wengi humu." Akaivaa tena. "Pole, mama. Kwa maandishi haya, hamkuwa ndugu."

Alikuwa amekuja kutafuta karatasi ya kumwingiza baba yake kitabuni, akapata ya kumtoa. Aliomba nakala hivyohivyo. Na alipoipokea alimshika yule bwana mkono kwa mikono yake miwili, jambo ambalo wateja wake hawajawahi kuliona.

Katibu aliisoma nakala mara mbili, akachungulia kama kuna mtu mlangoni.

"Hii irudishe mkobani," alinong'ona. "Babu mkuu wa ukoo alikuwa na wake watatu. Tumpachike babu yako kwa mke wa tatu. Nani atahesabu?"

"Mwalimu, ulifundisha watoto hesabu miaka mingapi?"

"Nakusaidia, dada yangu!"

"Najua, na ahsante. Lakini huo ni mlango wa mchwa uliopakwa rangi. Nimpe baba yangu huo, mimi?" Akagonga karatasi kwa kifundo cha kidole. "Huyu wa arobaini na moja, ana mtu aliye hai?"

Alikuwepo mmoja, binti yake wa mwisho, bibi wa miaka tisini aliyekuwa amebakiwa na meno manne na maneno yote. Ijumaa walimkuta sebuleni amejifunika shuka. Katibu akaweka kinasa sauti mezani.

"Umerudi na kidude chako," bibi akasema. "Mara ile ulinihoji saa mbili nzima."

"Na hukunitajia mtu huyu, bibi!" Katibu akamsomea jina la babu.

"Uliniuliza wakubwa. Nani alikaa kiti gani, nani alioa wangapi. Watu wa jikoni uliwauliza?" Akamgeukia Mama Bawaba. "Yule alilala jikoni kwetu. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Baba alimkuta kwenye geti la kiwanda ana homa, anatetemeka, hana mtu, akamdhamini. Siku ya pili yule kijana akarudi kwa karani kulalamika: jina mliloniandika si langu, ni la watu. Karani akamwita baba. Baba akasema, liache hivyohivyo, sasa ni lake. Akitoroka, mnifukuze mimi."

"Na hakutoroka," Mama Bawaba akasema taratibu.

"Atoroke aende wapi? Mama alikuwa anampikia!" Bibi akacheka. "Miaka minne. Nilimwita kaka. Kasoro yake ilikuwa moja tu, alikoroma mpaka sufuria zinalia. Alipooa akahama, na sisi tukahama, ndiyo ikawa basi."

Jioni ile Mama Bawaba alimweleza baba yake yote, bila kupunguza na bila kuongeza. Mzee aliiweka mezani saa aliyokuwa akiifungua. Saa zote chumbani zikasikika.

"Kwa hiyo jina tuliazimwa."

"Cha kuazima hurudishwa, baba. Miaka themanini, amekuja nani kukidai? Tulipewa. Na aliyetupa aliweka kazi yake rehani kwa mtu aliyemjua tangu jana. Mimi nimefanya biashara maisha yangu yote, sijawahi kupewa kitu kwa masharti mepesi hivyo."

Mzee akafuta macho kwa kile kitambaa cha kufutia vioo vya saa. "Basi nina mtu wa kumshukuru," alisema. "Zamani sikuwa naye."

Kilichobaki kilikuwa maneno, na huo ulikuwa uwanja wa Mama Bawaba. Katibu alitaka kuandika "si wa damu". Mama Bawaba akakataa. Katibu akaja na "mgeni wa ukoo". Akakataa. Walivutana mpaka chai ikapoa. Jumamosi, ukumbini, katibu alisimama na ile kalamu yenye wino, akasoma jina la mtu wa mstari wa arobaini na moja wa daftari la kiwanda, kisha, kwa sauti ya darasani, akasoma wa arobaini na mbili: jina la babu, na baada yake, "aliyeingizwa kwa neno la mdhamini wake, na hakutoroka."

Watu wakageuka kumtafuta anayehusika. Mzee alikuwa ameketi mwisho wa benchi, kama kawaida yake. Akainuka, akakatisha ukumbi mzima mpaka kiti cha mbele alipokaa bibi, akainama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Bibi akampapasa uso, akasogea kumpa nafasi kwenye kiti. "Kaa hapa. Niambie ukweli, na wewe unakoroma?"

"Zaidi ya baba," mzee akasema, akakaa.